Alichosema Kamanda Mlangoni

Jumamosi, 8 Machi

Daktari ameniambia ninunue daftari, niandike kila siku kichwa kinapouma na kilichokuwa kikiendelea wakati huo. Leo kimeuma tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Kilichokuwa kikiendelea ni Kambi ya Angani.

Nieleze, maana daktari hajui. Nyumba hii ya hapa Same tuliachiwa na wazazi, mimi na mdogo wangu wa kiume, Elinaza. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari. Yeye ana banda la video uani, mabati juu na mabati pembeni, viti vya plastiki thelathini. Kila Jumamosi anaonyesha sehemu mpya ya tamthilia ya kigeni kuhusu watu wanaoishi kwenye kituo kinachoelea angani, mbali na dunia, ambako hewa ya kuvuta inatengenezwa kwa mashine na kugawiwa kwa kipimo. Elinaza anaitafsiri mwenyewe. Anafifisha sauti za wenyewe na kurekodi yake: ya wanaume, ya wanawake, na ya mashine. Majina yao hawezi kuyatamka, kwa hiyo ameyabadilisha. Mkuu wa kituo, mzungu mrefu mwenye mvi, anaitwa Kamanda Mbonea. Binti yake ni Nakiete. Mkwewe, fundi wa mitambo ya hewa, ni Kajiru. Ukisikiliza ukiwa jikoni utadhani ni kikao cha ukoo huko Mbaga, milimani kwetu.

Elinaza alitoka kidato cha nne na F ya Kiingereza. Aliyemfundisha ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Hakijauma.

Jumamosi, 15 Machi

Kimeuma sana.

Leo ilikuwa sehemu ya kumi na moja. Kajiru kagunduliwa kwamba alikuwa akiiba hewa kidogo kidogo kwenye mitungi na kuwauzia watu wa ngazi za chini. Kamanda Mbonea akamkamata kwa mkono wake, mkwe wake mwenyewe, akampandisha chombo cha wafungwa. Nakiete alisimama dirishani akakiangalia chombo mpaka kikawa nukta.

Picha ilipoisha hakuna aliyetoka. Abdulmajid, anayeuza vipuri vya pikipiki barabarani, alisimama akasema Kamanda amefanya sawa kabisa. Hewa ni ya wote. Ukimwachia mkweo, kesho utamwachia nani. Dada Salama, fundi cherehani wa jirani, akamwambia akae chini kwanza, kwa sababu mtu aliyefunga tangu alfajiri hatakiwi kutetea upumbavu.

"Baba wa namna gani anamfunga mume wa mwanawe?" alisema. "Angemwita pembeni akamwonya."

"Akishamwonya ndiyo hewa inarudi?"

"Na akishamfunga?"

Wakaendelea hivyo saa nzima. Sisi Wapare tumeshasemwa vya kutosha kwamba mtu wetu yuko tayari kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, lakini hao wawili si Wapare, wameambukizwa tu. Nilikuwa na madaftari themanini ya kusahihisha. Nilitoka nje nikagonga bati. Walinyamaza, kisha Abdulmajid akasema, "Mwalimu, hebu tuamulie."

Nikamwambia mimi siangalii vitu hivyo.

Mtu mmoja tu hakusema neno, Mzee Melkizedeki. Alikaa kiti cha mbele na kikombe cha chai mkononi, na alipoondoka kilikuwa bado kimejaa.

Jumatano, 19 Machi

Nimelifikiria lile la mzee. Katika mji huu hakuna asiyelijua, ila hakuna anayelisema mbele yake, kwa hiyo nitaliandika hapa.

Mzee Melkizedeki alikuwa mlinzi wa msitu kule juu, upande wa Chome, miaka ishirini na sita. Binti yake wa pekee, Beatha, nilimfundisha kidato cha pili. Aliolewa Mhezi, kijiji cha huko huko milimani, na kijana anayeitwa Wilbard. Miaka kumi na moja iliyopita mzee alimkuta Wilbard msituni akipasua mkulo, mti usioruhusiwa kukatwa, kwa msumeno, yeye na mwenzake. Mwenzake alikimbia, Wilbard akakamatwa, akafungwa miaka miwili. Alirudi na kifua kibovu na mwaka uliofuata akafa. Mzee alikwenda mazikoni. Beatha alimwambia mbele ya watu kwamba amekosea njia, nyumba ya baba yake haiko hapo na yeye baba hana. Mzee akashuka. Tangu siku ile anaishi Same peke yake, na hajapanda tena.

Yeye husema alifanya kazi yake. Nimemsikia akisema hivyo mara mbili, zote mbili bila kuulizwa.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Ikinyesha juu ya lile banda hakuna anayesikia kitu, hivyo Elinaza husimamisha picha mpaka ipungue, na watu wakikaa gizani bila picha hawana kazi nyingine ila kubishana. Kajiru hakuonekana leo hata dakika moja, lakini habari ilikuwa Kajiru. Wameshagawanyika. Upande wa kulia wa banda ni wa Kamanda, upande wa kushoto ni wa Nakiete. Mzee Melkizedeki anakaa katikati.

Salama alinifuata jikoni. "Mwalimu, wewe unajua Kiingereza. Katafute ile yenyewe, utuambie Kamanda alisema nini hasa alipomkamata. Huenda alimwomba radhi, Elinaza akaruka."

Nilimwambia nitaona. Nilisema hivyo ili atoke jikoni.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Paa la ofisi ya walimu linavuja juu ya meza yangu, si ya mwingine.

Alhamisi, 27 Machi

Mwalimu mwenzangu wa fizikia anayo ile tamthilia yote kwenye flashi, ya Kiingereza. Nimeangalia sehemu nne leo baada ya vipindi, kwenye kompyuta ya ofisi, nikiwa nimepunguza sauti kama mwizi.

Hakuna binti.

Yule mwanamke anayeitwa Nakiete ni mkaguzi aliyetumwa kutoka duniani kuangalia jinsi kituo kinavyoendeshwa. Ni mkubwa wa kamanda kwa cheo. Hana mume. Yule fundi ni fundi tu, na yeye na huyo mwanamke hawajawahi hata kukaa meza moja. Alipokamatwa, mkaguzi alisimama dirishani kwa sababu ndiye aliyetakiwa kusaini karatasi.

Watu thelathini wamegombana wiki mbili kuhusu familia ambayo haipo.

Ijumaa, 28 Machi

Nilimsubiri Elinaza amalize kula.

"Yule mwanamke si binti yake," nilimwambia. "Ni mkaguzi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu sehemu ya tano. Mwanzoni niliona wanavyogombana, nikasema huyu ni mtoto na baba yake. Sehemu ya tano akatoa kitambulisho. Nikawa nimeshachelewa."

"Ungesema umekosea."

"Kwa watu waliokwisha kumpenda?"

"Na Kajiru kuwa mume wake?"

"Dada, yule mwanamke ana miaka zaidi ya thelathini. Watu walikuwa wananiuliza kila wiki ana mume au hana."

Nilimwambia kwamba hiyo siyo tafsiri, ni uongo, na kwamba nimetumia miaka ishirini kufundisha watoto wa wilaya hii kuwa neno lina maana yake, na nyuma ya nyumba yangu kuna mtu anawavuruga kila Jumamosi. Akakusanya sahani. Akasema kama nataka niwaambie, niwaambie, banda liko wazi.

Sikuwaambia. Sijui kwa nini. Naandika hapa kwamba sijui.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Salama kaleta pilau. Alikaa kibarazani nusu saa, na katika hiyo nusu saa dakika ishirini zilikuwa za Kajiru.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo niliingia bandani kwa mara ya kwanza. Nilijiambia nakwenda kuona jinsi anavyoharibu sehemu ya kumi na nne, maana nilikuwa nimeshaiangalia ofisini. Mwishoni mwa sehemu hiyo kamanda anakwenda kwenye chumba cha yule mkaguzi. Anasimama mlangoni. Mkaguzi anafungua, wanatazamana. Kamanda anasema kwa Kiingereza kwamba hata leo angefanya vilevile. Anageuka, anaondoka. Basi. Ni maneno machache sana, na nilipoyasikia ofisini niliyapenda, kwa sababu ndivyo watu wagumu walivyo.

Mvua ilianza walipokaribia hapo. Elinaza akasimamisha picha, kamanda akiwa ameinua mkono kugonga. Tulikaa robo saa nzima. Hakuna aliyebishana. Mvua ilipopungua akaendelea. Mlango ukafunguka, yule mzungu akachezesha mdomo kidogo, na sauti ya Elinaza ikatoka kwenye spika, ya chini, siyo ile ya kupayuka:

"Nakiete. Sheria niliitunza. Wewe sikukutunza. Nimekuja kwa hilo la pili."

Mdomo wa mzungu ulikuwa umeshafungwa zamani, sauti bado inasema. Hakuna aliyejali. Salama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Abdulmajid alikuwa akitazama sakafu.

Mzee Melkizedeki alinyanyuka kabla taa haijawashwa, akapita mbele ya watu, akatoka.

Jumapili, 6 Aprili

Mzee amekuja leo akitokea kanisani, suti yake imelowa mabegani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Una kalamu?"

Alitaka nimwandikie yale maneno ya kamanda. Kwa herufi kubwa, alisema, macho siyo yale. Alikuwa anayakumbuka yote matatu kwa mpangilio wake, lakini aliogopa akiyafikisha mbali yatachanganyika.

Nilishika kalamu nikijua kwamba hayo maneno kamanda hakuyasema. Nikaandika. Alisoma, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani.

"Mwenzangu huyu," alisema, "ana akili kuliko mimi."

Alimaanisha kamanda.

Kichwa kimeuma mpaka usiku.

Jumanne, 8 Aprili

Nimegombana na Elinaza tena. Nilimwambia kuna mzee wa miaka sabini na moja amebeba mfukoni maneno ya kubuni, anataka kuyapeleka Mhezi kwa mtu asiyetaka kumwona, na siku akijua yametoka wapi aibu itamwua.

Elinaza alikuwa anakunja nyaya za spika. Alikunja moja mpaka mwisho ndipo akajibu.

"Tangu sehemu ya kumi na moja yule mzee hanywi chai anayonunua. Anaishika mpaka inapoa. Mimi nakaa nyuma, dada, naona watu. Wewe unasikia makosa tu."

"Kwa hiyo ulimwandikia yeye."

"Kamanda alikuwa amesimama mlangoni. Nilifikiri aseme kitu."

Nina shahada, nikachukua waya uliobaki nikaukunja.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Wanasema barabara ya Mhezi imekatika sehemu mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Sehemu ya kumi na tano ilikuwa ya vita vya vyombo, milipuko mitupu, na hakuna aliyeitazama kwa moyo. Walikuwa bado kwenye ule mlango wa Nakiete. Abdulmajid alisema Kamanda kajidhalilisha. Mtu akishafanya haki haombi msamaha, akiomba watu wataona haki yenyewe ilikuwa kosa.

Hapo Mzee Melkizedeki akageuka kwenye kiti chake. Tangu banda lifunguliwe hakuna aliyewahi kumsikia humo.

"Hakuomba msamaha wa sheria," alisema. "Sikiliza vizuri, kijana. Amesema amekuja kwa hilo la pili."

Abdulmajid akasema, "Ndiyo, mzee." Halafu akakaa.

Wakati wa kutoka mzee alinisimamisha. Anataka kupanda Jumatatu ya Pasaka. Aliuliza kama nitakwenda naye, kwa sababu nilimfundisha Beatha, na Beatha hawezi kumfungia mlango mwalimu wake. Nikamwambia barabara mbovu, mvua nyingi, goti langu, presha yangu. Alisikiliza yote kwa adabu.

"Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi," akasema.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimekula kidogo. Elinaza amenipakia mwavuli, biskuti na chupa ya chai bila kuambiwa, akaviweka mlangoni.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi jana jioni nikiwa siwezi kushika kalamu. Naandika leo, miguu kwenye maji ya moto.

Gari lilitufikisha mpaka palipokatika, na kutoka hapo tulikwenda kwa miguu. Kwa mzima ni saa moja na nusu. Sisi tulitumia tatu. Udongo ulikuwa ukiteleza kama sabuni, na kila tulipodhani tumefika kilele, ukungu ulipanda na kutuonyesha kingine. Mzee alikuwa mbele. Mtu aliyelinda msitu miaka ishirini na sita hasahau kupanda, anapunguza mwendo tu.

Kwenye jiwe moja tulikaa tukanywa chai. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa Kiingereza alisemaje pale mlangoni? Najua Kiswahili chake. Nataka kujua chenyewe."

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, na nimekasirika tangu mwezi wa tatu. Nikamwambia. Nilimwambia kamanda alisema angefanya vilevile, akaondoka. Nikamwambia na lililobaki, kwamba yule mwanamke ni mkaguzi, hakuna binti wala mkwe.

Alishika kifuniko cha chupa kwa mikono yote miwili, akatazama bondeni.

"Sasa yale maneno ni ya nani?"

"Ya Elinaza."

"Elinaza huyu wa kwako?"

"Huyo huyo."

Akamimina chai iliyobaki chini, akanirudishia kifuniko.

"Sikujua kama ana akili," alisema, akasimama, akaendelea kupanda.

Nyumba ya Beatha iko mwisho wa migomba, juu ya kijito kinachojaa haraka mvua ikinyesha. Aliyetuona kwanza ni mwanawe, Blessing, msichana wa miaka kumi na miwili. Alimwita mama yake. Beatha alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. Amenenepa kidogo, na nywele za mbele zimeanza mvi. Alinipokea mkoba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu akasema "Shikamoo" nyingine, akitazama kizingiti.

"Marahaba," mzee alijibu.

Hakumkaribisha. Alisimama katikati ya mlango na mkono mmoja kwenye mwimo. Mzee alikuwa chini ya ngazi ya baraza, mvua ikimdondokea kofiani. Alitoa ile karatasi, akaitazama, akaona imelowa, akairudisha. Akasema kwa kichwa.

"Beatha. Sheria niliitunza. Wewe..."

"Hayo ni ya Kamanda Mbonea," Beatha alisema.

Mzee aliigusa karatasi mfukoni.

"Flashi za Elinaza zinafika mpaka huku, baba. Blessing anayo kwenye simu, anaijua yote kwa moyo. Umekaa miaka minane. Umepanda mlima wote huu. Umeniletea maneno ya kwenye simu." Hakuinua sauti hata kidogo. Ingekuwa nafuu angeinua. "Sema ya kwako. Kama huna, rudi kabla kijito hakijajaa."

Nilitazama miguu yangu. Nilimlaani Elinaza kimoyomoyo, nikajilaani na mwenyewe, niliyeshika kalamu.

Mzee alivua kofia. Nilidhani anageuka. Alianza kusema, polepole sana, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Nilikuwa nakohoa," alisema. "Nikiwa kwenye doria nikasikia msumeno, nilikuwa nakohoa nikiwa bado mbali. Mtu anapata kukimbia, mimi nachukua msumeno tu. Watu wa Chome wote wanajua. Watu wa hapa wanajua. Mwenye njaa simfungi kwa mti. Miaka ishirini na sita nimekohoa."

Beatha hakusogea.

"Siku ile nilisikia msumeno. Nikaujua mlio wake, ulikuwa na jino moja limekatika, niliuona hapa kwenu ukutani. Nikasema, nikikohoa leo watasema mlinzi anamlinda mkwewe. Nikatembea kimya. Nilichagua pa kukanyaga." Aligeuza kofia mkononi. "Wengine wote niliwakoholea. Yeye sikumkoholea. Sikuitunza sheria, mwanangu. Nilijitunzia jina."

"Najua," Beatha alisema.

Mzee akainua uso.

"Wilbard aliniambia. Walisikia majani. Mwenzake akamwambia tukimbie, yeye akasema ngoja, ni mzee, atakohoa. Mwenzake akakimbia. Yeye akabaki ameshika msumeno." Alikunja ncha ya kanga, akaendelea. "Alikusubiri ukohoe, baba. Mpaka anakufa alikuwa ananiuliza, hivi kwa nini mzee hakukohoa. Mimi sikukukasirikia kifungo. Nilikukasirikia kwa sababu ulikuwa unamwambia kila mtu ni kazi."

Mzee alishika nguzo ya baraza. Hakulia. Alikuwa anahema kwa mdomo kama aliyekimbia. Alisema tu, "Ndiyo."

Blessing alipita chini ya mkono wa mama yake akiwa na kigoda. Hakuwa ameambiwa. Alikiweka barazani, upande usiorushiwa na mvua, akarudi ndani. Beatha alikitazama kile kigoda. Nilimwona akifikiri kukiondoa. Hakukiondoa.

"Kaa," alisema. "Utaugua, halafu iwe kazi yangu."

Mzee akapanda ngazi, akakaa. Hakuingia ndani. Walituletea makande barazani, sahani mbili, na Beatha akala yake akiwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyesema tena habari ile. Waliongea kuhusu bei ya maharage, na kama ile migomba ya juu ni ya kisasa au ya kienyeji.

Saa tisa nilisema kijito kitanizidi. Nikamwuliza mzee kama yuko tayari.

"Nenda, Mwalimu," alisema. "Mimi sijaambiwa niondoke."

Nikamtazama Beatha. Alikuwa anakusanya sahani, akaingia nazo ndani. Nikasubiri kidogo, naye mzee akasubiri. Hakutoka kumwambia chochote. Nikashuka peke yangu.

Jumatano, 23 Aprili

Elinaza ameniuliza leo, akiwa amenipa mgongo.

"Aliyasema?"

"Aliyaanza."

"Yakasaidia?"

"Hapana. Binti yake aliyajua. Akamkatiza."

Aliacha alichokuwa anafanya. Niliona shingo yake ikiinama, na nikaona jinsi alivyo mdogo wangu, pamoja na ndevu zote.

"Akalazimika kutafuta ya kwake," nikamwambia. "Bila yale ya kwako asingefika mlangoni."

Akasema, "Haya." Jioni alipika yeye.

Jumamosi, 26 Aprili

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Waliuliza, nikasema mzee amekwenda Mhezi. Salama alinitazama. Abdulmajid alisema kwa sauti ya kawaida, "Basi tumwekee kiti." Kisha wakaanza kugombana kuhusu Nakiete aolewe tena au asiolewe. Nakiete ambaye hajawahi kuolewa. Nimeingia ndani, nikafunga dirisha.

Jumamosi, 3 Mei

Nimesaidia kutafsiri. Saa mbili kwa dakika nane za picha. Tumegombana kwa kila sentensi. Alishinda tatu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua. Vumbi litarudi, na hilo nalo nitalilalamikia.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemkuta Beatha sokoni, na ndizi mikungu mitano na gunia la viazi. Nilikuwa naogopa kuuliza. Aliniona nikiogopa.

"Bado yupo," alisema. "Analala chumba cha stoo. Nilimwambia mpaka mvua ipungue."

"Imepungua."

"Ndiyo, imepungua." Alipanga ndizi upya ingawa zilikuwa zimepangika. "Mwalimu, yule mzee ananimaliza. Anasema banda la mbuzi limetazama upande mbaya, amelivunja, analijenga upya. Anamwamsha Blessing alfajiri kumwonyesha ndege. Anakatia migomba yangu bila kuuliza. Jana nimempigia kelele mbele ya jirani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kisu changu ni butu."

"Na lile jingine?"

Alimpimia mteja viazi.

"Siku nyingine nikimwona tu nakumbuka, natoka nje. Anajua. Siku hizo hanisemeshi, ananiachia." Akamrudishia mteja chenji. "Sijamsamehe, Mwalimu. Nisiseme uongo. Lakini miaka minane sikuwa na mtu wa kunichosha namna hii."

Alipouza mkungu wa mwisho aliniomba nimsindikize kwenye maduka ya viatu. Alitaka buti za mvua, za kiume, namba tisa. Muuzaji alimletea jozi tatu. Alizikunja soli moja moja, akaingiza mkono mpaka ndani kwenye vidole kutafuta mshono unaoweza kuumiza, akazikataa mbili, akabaki na zile nzito.